Je, serikali inaweza kusimamisha haki zetu wakati wa hali ya hatari? Mkataba wa Afrika unasemaje?

Mwalimu wa Jioni (Kisumu) aliuliza:

Habari zenu ndugu. Mimi hufundisha elimu ya uraia jioni za Alhamisi katika ukumbi wa kanisa huku Nyalenda, na wanafunzi wangu wengi ni akina mama wanaouza omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria. Wiki iliyopita tulikuwa tukisoma Sura ya Nne ya Katiba, na tulipofika kwenye haki za mtu aliyekamatwa, mama mmoja aketiye karibu na mlango akaniuliza swali ambalo sikutaka kulijibu kwa kubahatisha.

Mtakumbuka kwamba kuanzia Juni 18, 2021 kaunti 13 za ukanda wa ziwa na magharibi ziliwekewa, kwa sababu ya corona, kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, ilhali kwingineko nchini watu waliruhusiwa kuwa nje hadi saa nne usiku. Mnaokaa mbali na ziwa huenda hamjui kwamba omena huvuliwa usiku. Mitumbwi huingia majini jua likizama, taa zikawashwa huko kati ili samaki wazifuate, na shehena hushushwa ufuoni kunapopambazuka, akina mama wakiwa wamesimama tayari na mabeseni yao. Kaka yake mama huyu alikamatwa Jumatatu usiku, Juni 21, akielekea ufuoni na taa yake mkononi. Alizuiliwa katika kituo kimoja cha polisi hadi Alhamisi asubuhi, kisha akaachiliwa bila kufikishwa mahakamani wala kusomewa shtaka lolote. Alipouliza kosa lake aliambiwa kwamba nchi iko katika hali ya hatari na haki zimesimama.

Swali la mama lilikuwa hili: "Mwalimu, siku zile tatu, haki za kaka yangu zilikuwa zimewekwa wapi?"

Nilirudi nyumbani nikatafuta. Nimeona kwamba Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu na ule wa Amerika ina vifungu vinavyoeleza waziwazi lini serikali inaweza kusitisha wajibu wake kwa muda. Nikauchukua Mkataba wa Afrika, nikausoma kuanzia Kifungu cha 1 hadi cha 68, mara mbili, na sikukiona kifungu cha namna hiyo. Je, nakala yangu ina kasoro? Ikiwa haina, kimya hicho kina maana gani: kwamba serikali inaweza kufanya lolote, au kwamba haiwezi kusitisha chochote? Na je, mtu kama kaka huyu ana mlango wa kubisha hata leo?

Wakili wa Bondeni (Nakuru) alijibu:

Mwalimu, nakala yako haina kasoro. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu ulipitishwa Nairobi mnamo Juni 1981 na ukaanza kutumika Oktoba 21, 1986. Kenya ilijiunga nao Januari 1992. Hauna neno hata moja linaloiruhusu nchi mwanachama kusitisha wajibu wake kwa sababu ya vita, ghasia, maradhi au janga lolote lile. Umeusoma sawasawa.

Ili kimya hicho kieleweke, nianze na wale waliosema. Kifungu cha 15 cha Mkataba wa Ulaya kinairuhusu nchi kujiondoa kwa muda kwenye baadhi ya wajibu wake inapokabiliwa na vita au hatari nyingine inayotishia uhai wa taifa, mradi hatua zinazochukuliwa zisizidi kile kinacholazimishwa na hali yenyewe, na mradi nchi hiyo imjulishe Katibu Mkuu wa Baraza la Ulaya imechukua hatua gani na kwa sababu gani. Hata hivyo, kuna haki ambazo haziguswi: uhai, isipokuwa vifo vinavyotokana na vitendo halali vya vita; marufuku ya mateso; marufuku ya utumwa; na marufuku ya kumwadhibu mtu kwa jambo ambalo halikuwa kosa alipolitenda. Majaji wa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, iliyoko Strasbourg, huipa serikali nafasi ya kutosha kuamua kama hatari ipo, lakini nafasi hiyo ina mwisho. Makanali walioipindua serikali ya Ugiriki mwaka 1967 walidai kwamba taifa lilikuwa hatarini, na mwaka 1969 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikapima ushahidi na kukataa: hatari ya kiwango hicho haikuwapo. Katika kesi ya Aksoy dhidi ya Uturuki, mwaka 1996, mahakama ilikubali kwamba kusini mashariki mwa Uturuki kulikuwa na hatari ya kweli, lakini ikasema kumzuilia mtu siku 14 au zaidi bila kumwonyesha jaji kulizidi mipaka. Bwana huyo alikuwa ameteswa katika siku hizo. Kumfikisha mtu mbele ya jaji mapema kuna kazi hiyo hasa: jaji huona kwa macho yake mtu aliye mzima na mtu aliyevunjwa mikono.

Kuna jambo la kwetu hapa ambalo watu wengi hawalijui. Mwaka 1953 Uingereza iliutandaza Mkataba wa Ulaya hadi kwenye makoloni yake, Kenya ikiwemo, na mwaka 1954 ikapeleka taarifa kwamba inasitisha baadhi ya wajibu wake humu kwa sababu ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 20, 1952. Babu yangu alikuwa kibarua katika shamba la mzungu upande wa Njoro. Yeye na familia yake walipakiwa kwenye lori wakarudishwa katika maeneo waliyotengewa Waafrika, na alikufa bila kujua kwamba huko Ulaya kulikuwa na barua iliyomhusu, iliyosema kwamba aliyotendewa yanaruhusiwa kwa muda. Kila ninaposoma vifungu hivi humkumbuka, kwa hiyo sitajifanya kwamba ninavisoma kwa moyo baridi.

Sasa Afrika. Malalamiko yaliletwa mbele ya Tume ya Afrika, inayosimamia Mkataba huo na ambayo makao yake ni Banjul, Gambia, kuhusu mauaji, mateso na watu kupotea nchini Chad. Serikali ilisema kwamba nchi ilikuwa vitani na kwamba yaliyotendeka hayakuwa kazi ya watu wake. Mwaka 1995 Tume ilijibu kwamba Mkataba wa Afrika, tofauti na mikataba mingine, hauruhusu nchi kusitisha wajibu wake wakati wa hali ya hatari, na kwamba hata vita vya wenyewe kwa wenyewe si kisingizio cha serikali kukiuka haki au kuacha zikiukwe. Miaka mitatu baadaye, katika malalamiko dhidi ya Nigeria kuhusu amri za kijeshi zilizofunga magazeti na kuzizuia mahakama kusikiliza kesi, Tume iliongeza kwamba njia pekee halali ya kuzipunguza haki ni ile ya Kifungu cha 27, aya ya 2, kinachotaka haki zitumike kwa kuzingatia haki za wengine, usalama wa pamoja, maadili na maslahi ya wote. Na hata njia hiyo ni nyembamba: kizuizi lazima kiwe cha lazima kabisa, kiwe na uwiano na faida inayotafutwa, na kisiifanye haki yenyewe kuwa jina tupu.

Tofauti hii ndiyo ningependa wanafunzi wako waishike. Kuiwekea haki mpaka ni kusema, "Utatembea, ila usiku kwa muda huu utabaki ndani, na sababu ni hii." Kuisitisha ni kusema, "Kwa sasa huna haki hiyo, wala usiniulize sababu." Mkataba wa Afrika unaikubali kauli ya kwanza kwa masharti na unaikataa ya pili.

Huenda mtu akauliza: je, Kenya si mwanachama pia wa Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Kifungu chake cha 4 kinaruhusu usitishaji? Ni mwanachama, tangu 1972. Lakini kifungu hichohicho kinasema hatua zitakazochukuliwa zisipingane na wajibu mwingine wa nchi hiyo chini ya sheria ya kimataifa. Mkataba wa Afrika ni wajibu mwingine. Mwenye funguo mbili, moja ikiwa imekatazwa kufungua, hawezi kusema nyumba iko wazi.

Na Katiba yetu? Kifungu cha 58 kinamruhusu Rais kutangaza hali ya hatari pale tu taifa linapotishiwa na vita, uvamizi, uasi, vurugu, maafa ya kiasili au dharura nyingine ya umma. Tangazo hudumu siku 14. Likitakiwa kuendelea, thuluthi mbili ya wabunge wote wa Bunge la Taifa lazima wakubali, na safari ya pili robo tatu, kila mara kwa muda usiozidi miezi miwili. Mahakama ya Juu inaweza kulibatilisha. Sheria yoyote itakayotungwa chini ya tangazo hilo lazima iafikiane na wajibu wa Kenya wa kimataifa kuhusu hali ya hatari. Kisha kuna Kifungu cha 25, kinachotaja mambo manne yasiyopunguzwa kamwe: kutoteswa wala kudhalilishwa, kutofanywa mtumwa, kupata kesi ya haki, na amri ya mahakama ya kumleta mtu aliyezuiliwa ili jaji apime uhalali wa kuzuiliwa kwake.

Mwambie mama hivi. Kafyu za 2020 na 2021 hazikuwekwa chini ya Kifungu cha 58. Ziliwekwa kwa Sheria ya Utulivu wa Umma, na hakuna hali ya hatari iliyotangazwa. Kwa hiyo aliyemwambia kaka yake kwamba haki zimesimama alikosea mara mbili: hali ya hatari haikuwapo, na hata ingekuwapo, Mkataba wa Afrika haukubali kusimama huko. Sharti la Kifungu cha 49 cha Katiba, kwamba aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya mahakama ikiwa saa hizo zimeishia wakati mahakama haiketi, lilikuwa palepale. Jumatatu usiku hadi Alhamisi asubuhi hakukuwa na wikendi ya kujitetea nayo.

Mwanafunzi wa Sheria (Kakamega) alijibu:

Nakubaliana na wakili kuhusu yaliyompata mvuvi. Sikubaliani naye kuhusu kimya cha Mkataba, na naomba anivumilie kama mzee wangu.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mkataba wa Ulaya na wa Amerika huifungulia serikali mlango, lakini mlangoni kuna bawabu: sababu itajwe, muda ujulikane, taarifa ipelekwe, na orodha ya haki zisizoguswa imebandikwa ukutani. Orodha ya Amerika ni ndefu kuliko zote. Kifungu cha 27 cha Mkataba huo kinakataza kusimamisha haki ya uhai, ya kutoteswa, ya dhamiri na dini, ya familia, ya jina, ya mtoto, ya uraia, hata ya kushiriki katika serikali, pamoja na dhamana za kimahakama zinazohitajika kuzilinda haki hizo. Mwaka 1987 Mahakama ya Nchi za Amerika ilitoa maoni mawili ya ushauri, ikaeleza kwamba amri ya kumleta aliyezuiliwa mbele ya jaji ni miongoni mwa dhamana hizo na haiwezi kuondolewa hata katika hali ya hatari. Majaji wale walikuwa wakizungumza na bara lililokuwa limeona watu wakichukuliwa usiku na kutoonekana tena, na walijua kwamba jaji asipoweza kuuliza "mtu huyu yuko wapi?" basi haki ya uhai nayo imekwisha.

Kwetu hakuna bawabu. Serikali ya Kiafrika inayotaka kubana watu haiandikii Banjul taarifa yoyote, kwa sababu hakuna kifungu kinachoitaka iandike. Inachofanya ni kushika yale maneno yaliyotawanywa ndani ya Mkataba: uhuru wa kutoa maoni "kwa mujibu wa sheria", uhuru wa kujiunga na wengine "mradi mtu afuate sheria", uhuru wa kutembea vivyo hivyo. Mkono wa kulia umetoa, wa kushoto umechukua. Na hiyo aya ya pili ya Kifungu cha 27 ambayo wakili anaiita njia nyembamba, ukiisoma bila uamuzi wa Tume pembeni, ni barabara ya lori: usalama, maadili, maslahi ya wote. Ni amri gani isiyoweza kupita hapo?

Hofu yangu ni kwamba Mkataba unaokataza kabisa usitishaji, katika bara ambalo hali za hatari hutangazwa kila baada ya muda, unaweza kuishia kupuuzwa. Ningefurahi tungekuwa na kifungu chetu, kilichoandikwa kwa kujifunza kutoka Amerika, chenye sharti la taarifa na orodha ya haki zisizogusika.

Msaidizi wa Kisheria (Kapsokwony) alijibu:

Nimefuata mjadala huu kwa makini kwa sababu sisi wa Mlima Elgon tunajua maana ya operesheni isiyotangazwa kwa jina lake. Naacha nadharia kwa walioisomea. Nataka kuzungumza juu ya lile swali la mwisho la mwalimu, la mlango wa kubisha.

Kati ya 2006 na 2008 watu wetu walipata taabu mikononi mwa kundi la wapiganaji la SLDF (Sabaot Land Defence Force), na Machi 2008 jeshi lilipoletwa katika Operesheni Okoa Maisha, wakapata taabu ya pili. Wanaume walikusanywa kwa wingi ili wachunguzwe. Wapo waliorudi na alama mwilini na wapo ambao hawajarudi. Mwaka 2010 shirika la Independent Medico-Legal Unit lilifungua kesi katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, likidai kwamba wakazi zaidi ya 3,000 waliuawa, waliteswa au walitendewa unyama, na kwamba Kenya ilivunja Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa kushindwa kuzuia, kuchunguza na kuadhibu. Juni 2011 kitengo cha kwanza cha mahakama hiyo kilikubali kuisikiliza. Tulishangilia. Machi 15, 2012 kitengo cha rufaa kikaitupa, kwa sababu Kifungu cha 30 cha Mkataba wa Jumuiya kinataka malalamiko yaletwe ndani ya miezi miwili tangu kitendo kifanyike au mlalamishi akifahamu. Mawakili walisema kwamba kutochukua hatua kwa serikali kunaendelea kila siku. Majaji wa rufaa hawakukubali hesabu hiyo.

Miezi miwili, ndugu zangu! Mtu aliyevunjwa mbavu hajapona katika miezi miwili. Mjane bado anazunguka vituoni akitafuta jina la mumewe. Nilikaa na mzee mmoja kibandani kwake siku chache baada ya uamuzi ule, naye alikuwa na kadi ya hospitali iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa plastiki wa unga. Aliifungua taratibu, akanionyesha muhuri wenye tarehe, akaniuliza ni tarehe gani tena waliyokuwa wakiitaka.

Kwa hiyo, mwalimu, mlango wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa jambo la 2021 umefungwa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, ambayo nayo iko Arusha na watu huichanganya na ile ya kwanza, mtu binafsi wa Kenya hawezi kuiendea moja kwa moja. Kenya iliridhia itifaki yake mwaka 2004 lakini haijatoa lile tamko la pekee linalowaruhusu raia na mashirika kupeleka kesi wenyewe. Inabaki Tume ya Banjul. Tume haina hesabu ya miezi miwili. Kifungu cha 56 cha Mkataba wa Afrika kinataka malalamiko yaletwe katika muda unaofaa baada ya mahakama za nyumbani kumalizwa, isipokuwa pale ambapo mahakama hizo zinavuta mambo kupita kiasi. Anayeanza, aanze hapa nyumbani.

Wakili wa Bondeni (Nakuru) alijibu:

Asante, ndugu wa Kapsokwony. Nitaanza na ulipoishia, kisha nimrudie mwanafunzi.

Hapa nyumbani mlango ni Mahakama Kuu, na Kisumu ipo. Kifungu cha 22 cha Katiba kinampa mtu yeyote ruhusa ya kwenda mwenyewe, au kwa niaba ya asiyeweza, kudai kwamba haki yake imevunjwa, na kinasema wazi kwamba hatatozwa ada ya kufungua shauri hilo. Kanuni za mwaka 2013 za kesi hizo zinaruhusu hata barua ya kawaida ipokelewe. Katiba haikuweka muda wa mwisho, ingawa majaji hutaka maelezo mtu akichelewa sana, na kwa hiyo kila mwezi unaopita unamdhoofisha. Na usidhani majaji wetu walinyamaza nyakati zile. Aprili 16, 2020, katika kesi iliyoletwa na Chama cha Mawakili, Jaji Weldon Korir aliamua kwamba kafyu yenyewe ilikuwa halali, lakini nguvu zilizotumiwa na polisi kupita kiasi katika kuitekeleza zilivunja Katiba. Uamuzi huo unamhusu mvuvi wetu moja kwa moja: uhalali wa kafyu hauhalalishi yote yanayotendwa kwa jina lake.

Sasa mwanangu wa Kakamega. Unasema kweli kuhusu bawabu, na nimekubali zamani kwamba ukosefu wa taarifa ni upungufu. Lakini mtazame pia huyo bawabu anavyochoka. Nchini El Salvador, nchi mwanachama wa Mkataba wa Amerika unaousifu, hali ya hatari ilitangazwa Machi 27, 2022 kwa siku 30 dhidi ya magenge, kisha ikaanza kuongezwa mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka. Kila ongezo lina tarehe, sahihi na muhuri. Utaratibu uliofuatwa vizuri unaweza kuugeuza muda kuwa makazi. Pale ambapo hakuna kifungu cha kusitisha, serikali hubaki na mzigo wa kueleza kila kizuizi kimoja kimoja: kwa nini hiki, kwa nini hapa, kwa nini kwa muda huu. Nauona mzigo huo kuwa mzito kuliko barua moja kwenda Strasbourg.

Kuhusu "kwa mujibu wa sheria", Tume imelijibu hilo katika kesi za Nigeria: sheria ya nchi ikiruhusiwa kuushinda Mkataba, Mkataba hauna kazi. Na kwamba Kifungu cha 27 ni barabara ya lori, nikutembeze kidogo hapa Nakuru, juu huko Msitu wa Mau. Waogiek, jamii ya asili ya msitu huo, walipewa notisi ya kuondoka Oktoba 2009, na sababu iliyotolewa ilikuwa maslahi ya umma, yaani kuhifadhi msitu na vyanzo vya maji. Nani atakataa kwamba maji ya Mau ni maslahi ya wote? Malalamiko yao yalipitia Banjul, Tume ikayapeleka mbele ya Mahakama ya Afrika, na Mei 26, 2017 mahakama ikauliza swali rahisi: uko wapi ushahidi kwamba Waogiek ndio walioumaliza msitu? Haukuwapo. Sababu ilikuwa nzuri, lakini haikuwiana na kitendo, nayo serikali ikashindwa. Kesi ile haikuwa ya hali ya hatari; nimeitaja kwa sababu inaonyesha kwamba maneno "maslahi ya wote" hayapiti mbele ya mahakama hiyo kwa kutajwa tu.

Kinachonitia hofu mimi ni jambo jingine, na naomba wote mlitazame. Kifungu cha 58 kilijengwa kwa uangalifu mkubwa na watu waliokumbuka 1952, na walioikumbuka Kaskazini iliyokaa chini ya sheria za hali ya hatari hadi 1991. Lakini kinga zake zote, yaani siku 14, thuluthi mbili na Mahakama ya Juu, huanza kufanya kazi pale tu tangazo linapotolewa. Serikali ikipata kafyu kwa Sheria ya Utulivu wa Umma, haina haja ya kwenda Bungeni kutafuta thuluthi mbili. Hapa Nakuru, Machi 26, 2021, tulifungiwa pamoja na Nairobi, Kiambu, Kajiado na Machakos, hakuna kuingia wala kutoka, hadi mwanzoni mwa Mei, na hakuna tangazo la Kifungu cha 58 lililopigiwa kura. Juni 2024 wanajeshi waliposhushwa barabarani wakati wa maandamano, Gazeti Rasmi lilitaja dharura ya usalama, lakini kifungu kilichotumiwa kilikuwa cha 241, kinachohusu jeshi kusaidia mamlaka nyingine. Sisemi kwamba corona haikuwa hatari. Nilizika jamaa wawili. Nasema kwamba hali ya hatari isiyotajwa jina haina siku ya kwisha, na hapo ndipo kimya cha Mkataba wa Afrika kinatufaa, kwa kuwa Mkataba huo hauulizi kama tangazo lilitolewa au halikutolewa. Unauliza mtu ametendewa nini.

Mwanafunzi wa Sheria (Kakamega) alijibu:

Nimekusikia, mzee. Hilo la mwisho sikuwa nimelifikiria: kwamba kifungu cha kusitisha, hata kilichoandikwa vizuri, kingezikosa kabisa hatari zisizotangazwa. Bado naona Tume ingeweza kuzitaka nchi ziitaarifu kila zinapoweka vizuizi vya namna hii, hata bila kubadilisha Mkataba, kwa sababu kila nchi mwanachama tayari inatakiwa na Kifungu cha 62 kupeleka ripoti kila baada ya miaka miwili. Ningependa kuisoma ripoti inayoeleza kafyu ya kaunti 13 na kwa nini zilikuwa zile 13.

Mwalimu wa Jioni (Kisumu) alijibu:

Nawashukuru nyote. Jana ilikuwa Alhamisi, nami nilimjibu mama mbele ya darasa zima: haki za kaka yako hazikuwekwa popote, zilikuwa naye mle ndani ya seli, na aliyesema zimesimama hakuwa na mamlaka ya kuzisimamisha. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza ni karatasi gani zinazohitajika.

Nilimweleza habari ya Mahakama Kuu na ya barua isiyotozwa ada, nikamwambia pia yaliyowapata watu wa Mlima Elgon ili asije akadhani tarehe ni jambo dogo. Kaka yake hakupewa risiti yoyote kituoni, wala nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Lakini mama huyu ana daftari la mauzo, la jalada gumu, ambamo huandika kila asubuhi idadi ya gorogoro (makopo ya kupimia) za omena alizonunua mtumbwini mwa kakake na bei yake. Amelileta leo mchana. Juni 18, 2021 ameandika gorogoro 14. Juni 22, 23 na 24 ameandika tarehe pekee, na pembeni ya 24, kwa kalamu nyingine, "amerudi". Nimezipiga picha kurasa hizo mbili, na Jumatatu tunakwenda pamoja kwenye ofisi ya masijala.